Neno la Siri la Papa Rachidi

Jumatatu, 10 Julai 2017

Leo nimekuwa mtu wa kisasa. Windows imekufa! Virusi vya kle za wateja, vile vijiti vya USB vya kubebea faili, viliimaliza juma lililopita. Nimeizika na kuweka Linux mahali pake, peke yangu, bila kumwita fundi. Mke wangu Mouna amesema fundi angemaliza kabla ya chakula cha mchana. Wivu tu.

Sekretaria yangu, biro ya kuwapigia watu chapa barua zao, si kubwa. Meza, kompyuta, yaani ordinatere niliyonunua kwa mfanyabiashara wa Kigoma, imprimanti ya kuchapia inayokohoa, na pano ya umeme wa jua juu ya bati. Lakini ndani ya ordinatere hiyo kuna hazina. Mchezo wangu wa redio! Unaitwa "Komanda Aliyepoteza Viatu". Mouna peke yake ndiye anayejua, na yeye nimemsomea nusu. Alicheka mara tatu, ingawa mara moja alikuwa anamchekea jirani. Siku utakapotangazwa, watu wa Kalemie watasahau risasi kwa muda wa nusu saa.

Hatari ni mbili. Ya kwanza ni vita. Barabara zimefungwa, kwenye kila kizuizi askari wanapekua simu za watu, na mimi nimeandika mchezo wa kumcheka komanda. Ya pili ni mbaya kuliko vita. Fidèle! Ana biro ya kupiga foto ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na mimi. Ana jenereta. Ana imprimanti ya rangi. Ana tabasamu. Wateja wakiliona lile tabasamu wanavuka barabara kama kuku waliotupiwa mahindi. Na siku hizi anakuja kwangu "kusalimia tu". Anasimama nyuma ya kiti changu, mikono mfukoni, macho kwenye skrini. Anataka kuniibia mchezo. Nina hakika.

Dawa nimeipata. Unachagua dosie yako, yaani mkoba wa faili, unabonyeza panapoandikwa "chiffrer", maana yake kufunga kwa siri, unatia neno la siri mara mbili, na kila kitu kinageuka uji wa alama ambao hata mwenye diplome ya Ulaya hawezi kuusoma. Nimeifunga hivyo dosie yangu yote ya binafsi: mchezo, barua, foto, kila kitu. Neno nimeliandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, nikitazama vitufe vya klaviye kama mtu anayetoa mwiba mguuni. Kwenye skrini zinatokea nukta nyeusi tu. Safi! Neno lenyewe siliandiki hapa. Ni fupi, ni kali, na ni la kweli.

Kisha nikafuta dosie ya zamani. Si kufuta kwa kawaida. Kusaga! Linux ina amri ya kusaga faili mpaka lisirudi tena duniani. Nikasaga na kopi iliyokuwa kwenye kle. Hakuna kilichobaki.

Fidèle aje sasa.


Jumanne, 11 Julai 2017

Amekuja. Nimemwacha asimame nyuma yangu kadiri alivyotaka. Nikaketi kama sultani. Ameniuliza siku hizi naandika nini. Nimemjibu kwamba naandika barua za watu. Akasema jana alinisikia nikicheka peke yangu. Nikamjibu kwamba barua nyingine zinachekesha. Akaondoka. Tabasamu lilipungua kidogo. Ushindi!

Kazi ya asubuhi: barua ya mwalimu mmoja ya kuomba kazi, kwa Kifaransa, yenye alama nyingi juu ya herufi. Klaviye ya Kigoma ni ya Kiingereza na haina alama hizo. Nikaiambia Linux ishike klaviye ya Kifaransa. Hapo vidole vyangu vikafurahi, maana vilijifunza kwenye mashini ya kupiga chapa ya shule na havihitaji macho. Barua ikatoka bila kosa hata moja. Mwalimu akaisoma mara mbili na kusema sasa anamwogopa huyo mtu aliyeandikwa humo.

Alasiri akaja Mama Henriette. Huyu ni mama wa kambi ya waliokimbia vita, alikimbia kutoka kijiji kimoja cha njia ya Moba. Siku kijiji kilipochomwa, mtoto wake Reine alikuwa ameenda kisimani. Mama akakimbilia upande huu, mtoto akapotelea upande ule. Hawajaonana tangu mvua za masika. Alipofika mjini alikuwa na simu iliyopasuka, na ndani yake foto moja ya Reine. Niliitoa foto hiyo nikaihifadhi kwenye ordinatere yangu, bure kabisa, maana mimi si mtu mbaya. Nikamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu huu: iko salama kwangu, Mama. Basi akabadilisha simu yake na unga wa muhogo.

Leo amekuja anapumua haraka. Mama Elisabeth, yule wa shirika linalotafuta watoto waliopotezana na wazazi wao, anapanda boti ya Moba siku ya Ijumaa. Huko kuna watoto wengi waliofika bila wazazi. Anataka foto.

"Ile foto njo moja tu niko nayo, Papa Rachidi. Haiko ingine."

Nikamwambia apite kesho, ataikuta imetoka. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Alipoondoka nikakumbuka kwamba foto iko ndani ya dosie niliyoifunga. Si neno. Nikafungua. Mashini ikaniuliza neno la siri. Nikaandika kwa kidole kimoja, kwa uangalifu, nikitazama klaviye.

Ikakataa.

Nikaandika tena. Ikakataa tena. Itakuwa imechoka, jua lilikuwa limeshuka na betri imebaki kidogo. Kesho.


Jumatano, 12 Julai 2017

Haikuchoka.

Nimeandika neno kwa herufi kubwa. Kwa herufi ndogo. Kwa haraka, ili nisiipe muda wa kufikiri. Polepole, ili isiogope. Nimezima mashini na kuiwasha. Nimepuliza vumbi kwenye klaviye. Nimenawa mikono! Inakataa kwa adabu ileile, na maneno yaleyale ya Kifaransa, kama karani wa serikali kabla ya saa ya kufunga.

Neno ninalijua! Sijalisahau! Nikiamshwa usingizini nitalitaja. Sasa ni nani mwongo hapa, mimi au mashini?

Mama Henriette amekuja saa nne. Nimemwambia wino umekwisha. Akauliza kama wino unapatikana sokoni, aende kuutafuta. Nikasema huu ni wino wa pekee. Akasema basi atasubiri, akakaa kwenye benchi langu karibu asubuhi nzima, mikono magotini, akiitazama imprimanti kama mtu anayesubiri chungu kichemke. Nikajifanya nina kazi. Nikaandika na kufuta jina langu mara nyingi sana.

Mchana nikaenda kwenye siber, nyumba ya kulipia mtandao, karibu na gare ya treni. Nikauliza kwenye mtandao: mtu aliyefunga faili lake na neno likakataliwa afanye nini? Majibu yalikuwa mengi. Wote walisema jambo moja: bila neno hakuna njia, ndiyo maana kitu hicho kilitengenezwa. Mmoja akauliza kama nina kopi. Mwingine akauliza ni mtu gani mwenye akili anayefunga faili bila kuacha kopi. Nikatoka. Watu wa mtandaoni hawana adabu.

Mouna ameniona sili. Akanibana mpaka nikasema. Hakupiga kelele, na hilo ndilo baya. Akaweka kijiko chini, akaniita kwa jina la binti yetu.

"Papa Yasmine, ulisaga na ile ya kle?"

Nikasema ndiyo.

"Kwa sababu ya Fidèle?"

Nikasema kwa sababu ya vita. Akanitazama mpaka nikasema ndiyo, kwa sababu ya Fidèle. Akasema kesho niende kambini nikamwambie yule mama ukweli. Nikasema kesho nitakuwa na njia nyingine bora zaidi.


Alhamisi, 13 Julai 2017

Njia bora zaidi: foto nyingine! Kijiji kizima kilikimbia, na mtu mmoja angalau lazima awe na simu yenye sura ya Reine, hata kama ni pembeni, hata kama ni nusu, kwenye harusi au ubatizo. Nimekwenda kambini asubuhi na mapema na kofia imeshuka usoni, ili Mama Henriette asinione.

Nimepita hema baada ya hema. Watu wa njia ya Moba ni wengi, simu ni chache. Mzee mmoja alikuwa na foto za ng'ombe tu, na kila ng'ombe alikuwa na jina, na ilibidi nisikilize yote. Kijana mmoja alikuwa na foto ya harusi. Nikaikuza, nikaikuza, nikaona mguu wa mtoto. Akasema huenda ni Reine, huenda ni ndugu yake yeye. Mguu! Nikafikiri kidogo kama mguu unaweza kutosha. Nikaona haya mwenyewe.

Nilipozunguka kwenye bomba la maji, nikamsikia kabla ya kumwona. Mama Henriette alikuwa kwenye foleni ya ndoo anawaambia wenzake kwamba foto ya mtoto wake inatengenezwa mjini, kwa Papa Rachidi, mtu anayejua mashini kuliko wote, na inacheleweshwa na wino tu kwa sababu ni wino wa pekee. Alilisema neno "pekee" kwa fahari.

Kofia haikunisaidia. Nikamwita kando. Nikasema yote. Kwamba wino upo. Kwamba niliifunga foto yake pamoja na vitu vyangu, na sasa neno linakataliwa, na sina kopi.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Akauliza swali moja:

"Si ulisema iko salama?"

Nikasema iko salama. Salama sana. Hata mimi siwezi kuifikia.

Akakaa juu ya ndoo yake. Akasema alipokuwa na simu alikuwa anaitazama ile foto kila asubuhi, kabla watu hawajaamka. Reine amemkumbatia jogoo wake na anacheka, meno ya mbele hayapo. Sasa sikio la kushoto, lile lenye alama ya kuungua, ameanza kutokuwa na hakika kama ni la kushoto kweli.

"Mutoto niko nakumbuka, Papa. Lakini nikimueleza muntu, maneno yanakwisha. Ni mutoto tu. Batoto yote iko hivyo."

Nimerudi kwa miguu, njia nzima ya kando ya ziwa. Pikipiki zimenipigia honi nikiwa katikati ya barabara. Upepo ulikuwa mkali na vumbi lilikuwa jingi. Ndiyo maana macho yangu yalikuwa mekundu nilipofika, na Mouna hakuuliza.


Ijumaa, 14 Julai 2017

Upepo umetuokoa. Ziwa limechafuka, mawimbi yanapanda juu ya gati, boti ya Moba imekataa kuondoka mpaka kesho. Siku moja zaidi!

Nilikuwa na mpango. Ningemwelezea mchoraji wa mabango sura ya mtoto naye angeichora. Mouna akauliza kama ni yule mchoraji aliyechora simba wa kinyozi. Nikasema ndiye. Akasema yule simba watu wanadhani ni mama mkwe wa kinyozi. Mpango ukafa hapo.

Kisha Mouna akajifunga kitenge chake, akavuka barabara. Nilipoelewa anakwenda wapi nilikuwa nimechelewa. Nikamwona ndani ya biro ya Fidèle akisema na mikono yake yote miwili. Wakarudi pamoja. Fidèle! Kwenye mlango wangu! Ameitwa na mke wangu!

Hakuwa na tabasamu. Alivuta kiti akaketi kando yangu, si nyuma. Akasema Linux haijui sana lakini alishapoteza faili za harusi ya watu, na anajua mtu anavyokosa usingizi. Akaniambia niandike neno nimwonyeshe. Nikamwomba ageuze uso. Akageuka bila kulalamika, akatazama kalenda ukutani. Nikaandika. Ikakataa.

Akafikiri. Akauliza ninapoandika naona herufi gani. Nikasema naona nukta. Akasema, basi tufungue ukurasa mtupu, liandike neno hapo kwenye mwanga tuone kidole chako kinaandika kitu gani hasa.

Nikaondoa mkono kwenye klaviye.

Nikasema haiwezekani. Akasema atageuka tena. Nikasema hata hivyo. Mouna akaita jina langu, jina langu lenyewe, bila "Papa" mbele. Nikafungua ukurasa mtupu. Fidèle akageukia kalenda. Nikaandika kwa kidole kimoja, nikitazama klaviye, herufi baada ya herufi. Nikainua macho.

Nikapiga kelele. Sikukusudia. Fidèle akageuka, kama mtu yeyote angegeuka. Kwenye skrini palikuwa na maneno haya:

fidele ,ziwi zq zqtejq

Akasoma kwa sauti. "Fidèle, ziwi." Akanitazama. Akauliza kwa nini neno langu la siri linamwita yeye kiziwi, na lugha hiyo nyingine ni ya wapi.

Fidèle akaweka kidole kwenye klaviye, juu ya A. Kwenye skrini ikatokea Q. Akabonyeza W, ikatokea Z. Akabonyeza M, ikatokea mkato. Akaguna.

"Papa Rachidi, klaviye yako iko Kiingereza, lakini mashini iko inasoma Kifaransa. Ulibadilisha siku gani?"

Jumanne! Barua ya mwalimu! Neno nililiandika Jumatatu, klaviye ikiwa bado ya Kiingereza. Tangu Jumanne kidole changu kinabonyeza A na mashini inapokea Q, na nukta zinaficha yote. Niliruka kwenye kiti. Mouna akaruka. Hata Fidèle akacheka. Kisha akaitazama skrini tena, na nikaona midomo yake inatembea. Q ikawa A. Z ikawa W, W ikawa Z. Mkato ukawa M.

Midomo ikasimama.

Alikuwa amesoma. "Fidèle mwizi wa wateja."

Nje palipita pikipiki yenye mbuzi. Nilimtazama mbuzi kwa bidii sana.

"Haya," akasema Fidèle mwishowe, taratibu. "Rudisha Kiingereza. Andika jina langu vizuri."

Nikarudisha. Nikaandika. Dosie ikafunguka! Reine akatokea, jogoo kifuani, macho ameyafumba kwa kucheka, meno ya mbele hayapo. Sikio lenye alama ni la kushoto. Mouna akalia. Mimi nilikuwa na vumbi tena.

Imprimanti yangu ikakohoa na kutoa mtoto mwenye michirizi. Fidèle akaomba foto kwenye kle, akavuka barabara, akawasha jenereta. Alirudi na foto kubwa ya rangi, karatasi nzuri ya kung'aa, na nyingine ndogo za kubandika. Hakutaka malipo. Nikaanza kusema kuhusu lile neno. Akanikatiza. Akasema alikuwa anasimama nyuma yangu kwa sababu alisikia nacheka, akajua ni mchezo wa redio, na tangu utoto anatamani kuigiza sauti redioni lakini aliona haya kuomba.

"Kama kuna mwizi kwenye mchezo," akasema, "unipe mimi. Nitamjua vizuri."

Akaenda zake. Nimekaa hapa. Nimebaki naitazama kalenda, kama yeye alivyoitazama.


Jumamosi, 15 Julai 2017

Boti imeondoka asubuhi, ziwa limelala. Nimempelekea Mama Elisabeth foto mwenyewe, mkono kwa mkono. Mama Henriette alikuwa gatini. Ameipokea ile kubwa, akaitazama kwa muda mrefu, akapitisha kidole kwenye sikio. Kisha akairudisha kwa Mama Elisabeth na kubaki na ndogo, akaiweka ndani ya kitenge.

Nilitaka kuomba radhi tena. Akasema boti inaondoka, nisiifanye ichelewe.

Nimepita kwa Fidèle. Nimemwambia mchezo wangu una mwizi wa viatu. Haukuwa naye. Sasa unaye.


Jumanne, 25 Julai 2017

Habari! Habari! Habari!

Mama Elisabeth alipiga simu Jumapili kutoka Moba, mtandao ukikatika kila neno. Watawa wa misioni waliiangalia foto, mmoja akasema: mbona huyu ni Kimya? Ndivyo walivyomwita. Mtoto aliyefika na watu wa mitumbwi, hajataja jina lake hata siku moja. Wakamwonyesha foto. Akamgusa jogoo na kidole.

Leo boti imefika. Tulikuwa gatini mimi, Mouna, Fidèle na nusu ya kambi. Upande wa barabara ya kusini zilisikika risasi mbili tatu, mbali, na hakuna aliyegeuka. Mama Henriette hakulia, hakupiga vigelegele. Alisimama wima kama aliyepigwa msumari. Reine alishuka ameshikwa mkono na Mama Elisabeth. Amekonda. Meno ya mbele yameanza kuota. Akatembea mpaka kwa mama yake, akaweka kichwa tumboni mwake, wakakaa hivyo mpaka wabeba mizigo wakaanza kuwazunguka.

Kisha mtoto akasema neno. Ndilo la kwanza tangu kisimani, Mama Elisabeth amesema.

"Jogoo yangu iko wapi?"

Mama Henriette akatutazama sisi. Sisi tukatazama ziwa. Fidèle, huyu mtu, akasema jogoo alibaki kulinda nyumba. Sauti yake ilikuwa nzuri mno. Nilishangaa. Ni sauti ya redio kweli.

Baadaye Mama Henriette alinishika mkono kwa mikono yake miwili, kama ile siku ya kwanza. Hakusema kitu. Nami sikusema kitu. Mouna ameniambia njiani kwamba hilo ndilo jambo la busara zaidi nililofanya mwaka huu.


Jumapili, 30 Julai 2017

Sekretaria imejaa! Watu wa kambini wanaleta foto zao kwangu zihifadhiwe. Mouna ameamuru kwamba kila foto iwe na kopi kwa Fidèle, bila kufungwa, bila kusagwa, bila mjadala. Nimekubali. Foto za watu ni foto za watu.

Mchezo ni jambo jingine.

Mama Christiane, mkubwa wa vipindi kwenye redio, ameusikia uvumi wa mchezo wangu. Anataka kuurekodi Jumatano. Jumatano hii! Nimemwambia alete maikrofoni, kila kitu kiko tayari. Fidèle ni mwizi wa viatu mzuri kupita kiasi. Tukifanya mazoezi anacheka mahali panapochekesha, na anaongeza maneno yake mwenyewe, na maneno yake ni mazuri. Hapo ndipo nilipoona hatari. Watu watasema ameuandika yeye!

Basi nimeufunga tena. Lakini safari hii nimejifunza. Kosa la kwanza lilikuwa nini? Neno lilikuwa ndani ya kichwa kimoja, na kichwa kimoja kinaweza kutishwa na askari, au kubanwa na mke mpaka kiseme. Kwa hiyo neno jipya lina nusu mbili. Nusu ya kwanza ameitunga na kuiandika Mouna, mimi nikiwa nimefumba macho. Alikuwa na haraka, uji ulikuwa unaungua jikoni, na amekataa kuniambia alibonyeza nini kwa sababu anasema nitaandika humu. Nusu ya pili ameitunga na kuiandika mdogo wake, shemeji yangu Seifu, fundi wa reli, mimi nikiwa nimegeukia ukuta. Klaviye nimeihakikisha kabla, mara mbili. Mtu hurudia kosa lake kama hana akili.

Kisha nikasaga kopi zote.

Seifu ameondoka asubuhi hii na treni ya Kabalo, na kutoka huko atashuka mto na mtumbwi hadi Ankoro, ambako hakuna mtandao. Treni ya kurudi hakuna anayejua itakuja lini, kwa sababu ya vita. Nimemsindikiza hadi gare na kumpungia mkono kwa moyo mweupe.

Usalama kamili! Katika mji mzima wa Kalemie hakuna mtu hata mmoja anayelijua neno lote, hata mimi mwenyewe.